Kutunza Mazingira Ukiishi Mwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara watu wa Mwanza wanapozungumzia mazingira: kwenye kikao cha mtaa, sokoni Mkuyuni, ndani ya daladala linalopita kando ya mtaro uliojaa chupa. Yameanza ya msingi, yakafuata yenye utata. Pale jibu moja linapohitaji lingine, namba ya swali imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Nataka kubadilika. Nianze na nini?

Anza na kile kinachotoka nyumbani kwako na kuishia ziwani. Maji ya bomba ya jiji letu huchotwa Ziwa Victoria, Capri Point na Butimba. Mitaro yetu, pamoja na mto Mirongo unaokatiza katikati ya jiji, humwaga kwenye ziwa hilohilo. Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu mazingira huanzia kwenye magari na safari za ndege. Kwetu mlango wa kuingilia ni maji.

Kwa hiyo naupanga umuhimu hivi: kwanza choo na majitaka (swali la 15), pili taka za nyumbani (kuanzia swali la 8), tatu moto wa kupikia (swali la 4). Taa na usafiri vinafuata nyuma. Ukiwa na nguvu ya kurekebisha jambo moja tu mwaka huu, rekebisha choo.

2. Ziwa ni kubwa mno. Uchafu wa nyumba moja utalifanya nini?

Ni kubwa kweli, takriban kilomita za mraba 68,800, ila halina kina. Wastani wake ni kama mita 40, na hata penye kina kirefu zaidi ni mita 80 na kidogo. Ziwa Tanganyika linapita mita 1,400. Sehemu kubwa ya maji ya Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mto unaotoka ni mmoja tu, Nile, kule Jinja nchini Uganda. Kinachoingia hukaa muda mrefu.

Tena uchafu hausambai sawasawa ziwa zima. Maji ya kwenye ghuba hutembea polepole, kwa hiyo uchafu wa Igogo au Kirumba hubaki hapahapa pwani, watoto wanapoogelea na samaki wanapozalia. Nyumba moja haiujazi mtaro, lakini mtaro uliojaa umejazwa na nyumba moja moja.

3. Viwanda ndivyo vinavyochafua. Kwa nini nibebeshwe mimi?

Usibebeshwe peke yako. Kiwanda, gereji au sehemu ya kuoshea magari inayomwaga uchafu ziwani iripotiwe serikali ya mtaa, halmashauri au NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira), ambao wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Piga picha, andika tarehe na mahali. Lakini pampasi zinazoelea baada ya mvua hazikutoka kiwandani. Mambo yote mawili yafanyike kwa pamoja.

## Jikoni

4. Mkaa, gesi au umeme: kipi ni bora?

Kwa misitu na kwa mapafu ya mpishi, mkaa ndio wa mwisho. Tanuri la kawaida la udongo hula kuni nyingi mno: kupata kilo 1 ya mkaa huhitaji kilo 6 hadi 10 za kuni. Mti unaopotea hivyo uko Geita, Sengerema au Tabora, na kwa kuwa hatuuoni ukianguka ni rahisi kuusahau.

Gesi ya mtungi hutoka kwenye mafuta na huagizwa nje ya nchi, kwa hiyo si safi kwa asilimia mia. Hata hivyo haikati mti na haimfukizi mtoto aliyebebwa mgongoni. Umeme ndio ninaoupendekeza kwa vyakula vya kuchemka muda mrefu. Jiko la umeme la presha huivisha maharage kwa umeme ambao mara nyingi haufiki uniti moja, na sehemu kubwa ya umeme wa nchi yetu sasa ni wa maji, likiwamo bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Wengi wanaogopa umeme kwa sababu ya lile jiko la koili linalokula LUKU. Jiko la presha ni chombo tofauti: likishapata joto hulitunza, na umeme hujikata wenyewe.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Hakuna haja ya kusubiri mwaka huo ufike.

5. Siwezi kujaza mtungi kila unapoisha. Nifanyeje?

Hili ndilo swali la kweli, na kumwambia mtu "acha mkaa" bila kulijibu ni kumdharau. Mkaa hununuliwa kwa kopo jioni, kulingana na kilichopatikana siku hiyo. Mtungi hudai fedha nyingi kwa mara moja. Familia nyingi huchanganya, na kuchanganya ni hatua nzuri: gesi kwa chai ya asubuhi, mayai na kupasha kiporo, mkaa kwa makande tu.

Unapowasha mkaa, tumia jiko banifu lenye udongo ndani badala ya la bati tupu. Lowesha maharage na mahindi usiku kucha, umwage maji yake, yataiva kwa muda mfupi zaidi. Funika sufuria. Pika cha asubuhi na cha mchana kwa moto mmoja. Mkaa mbadala unaotengenezwa kwa pumba za mpunga au vumbi la mbao hufaa kwa vyakula vya kuchemka taratibu, ila ujue huchelewa kushika moto. Akiba inayopatikana hapo iwekwe kando kwa ajili ya mtungi. Akina mama wengi hununua mitungi kupitia vikoba vyao kwa zamu.

6. Sina friji. Nitazuiaje chakula kisiharibike?

Usukumani tunayo majibu ya zamani. Viazi vitamu vikikatwa vibichi na kuanikwa huwa michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa huwa matobolwa, na vyote hukaa miezi. Mboga za majani, kama mlenda na majani ya kunde, hukauka vizuri kivulini. Nyanya zinaposhuka bei, kata vipande, nyunyiza chumvi kidogo, anika juu ya chekecheke safi ukizifunika na kitambaa chepesi kuzuia nzi.

Mengine ni mazoea tu. Nunua kidogo, mara nyingi. Kiporo cha wali kiivishwe upya hadi kitoe mvuke, na kikilala nje usiku wa joto wapewe kuku.

7. Ninunue samaki gani bila kuliumiza ziwa?

Dagaa. Hukua na kuzaliana haraka, huliwa mzima bila kutupa kitu, na kilo yake ina lishe ambayo nyama ya bei hiyo haiwezi kuifikia. Chagua walioanikwa kwenye chanja, kwa sababu wa kwenye mchanga hupotea wengi na huja na kokoto. Soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, utawapata wa aina zote, uliza tu.

Sangara na sato ni halali pia, mradi si watoto. Sheria inakataza sangara wa chini ya sentimita 50 na sato wa chini ya sentimita 25. Beba rula kama huna uhakika wa jicho lako; muuzaji atacheka siku ya kwanza, siku ya pili atakuletea wakubwa. Samaki wadogo mno huvuliwa kwa kokoro na timba, nyavu zilizopigwa marufuku kwa sababu huchota kila kitu na kuvuruga mazalia. Mnunuzi anayekataa kichanga humfikia mvuvi haraka kuliko doria.

Na mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa, si chakula cha aibu. Samaki ameshakufa, minofu imesafirishwa nje. Supu ya mapanki ni kumtumia kiumbe huyo mpaka mwisho.

## Taka

8. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku. Hii mingine tunayouziwa ni salama?

Marufuku ilianza tarehe 1 Juni 2019. Mtu anayekutwa na mfuko wa plastiki wa kubebea anaweza kutozwa faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000, au kufungwa hadi siku 7. Ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa, ambayo kanuni zinataka iwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba, nayo mingi imetengenezwa kwa plastiki ya polipropilini. Faida yake inakuja pale tu unapoitumia tena na tena. Ukinunua mpya kila unapokwenda sokoni, umebadilisha rangi ya taka.

Kunja miwili ikae kwenye mkoba. Kikapu cha ukindu ni bora zaidi. Kwa samaki na nyama nenda na ndoo ndogo yenye mfuniko, kwa sababu vile vifuko laini vya kufungia ndivyo vinavyoziba mitaro sasa.

9. Gari la taka halipandi mlimani kwetu. Nichome?

Usichome plastiki. Moshi wake una sumu, hasa ukichanganyika na vipande vya mabomba, viatu na nyaya, na unaovuta ni wewe na jirani wa juu yako. Najua makazi ya Mabatini, Igogo na Isamilo yalivyokaa juu ya mawe. Gari halifiki na hakuna pa kuchimba shimo.

Kinachofanya kazi ni kutenganisha kabla ya kushusha. Mabaki ya jikoni yakienda kwenye mboji (swali la 11) na chupa kwa mkusanyaji (swali la 10), kinachobaki ni kidogo na hakinuki, kinaweza kukaa kwenye kiroba hadi siku ya gari. Nyumba kadhaa zikichangishana, kijana mmoja hushusha viroba vyote hadi barabarani, akapata riziki, na taka zikafika dampo la Buhongwa badala ya Mirongo. Weka viroba mahali pa juu au vifunge vizuri, maana kongoti hawakawii kuvipasua.

10. Chupa za plastiki nizipeleke wapi?

Wape wanaozinunua kwa kilo. Zitoe maji, zikandamize, mfuniko uuache palepale kwenye chupa. Chuma chakavu na boksi vina wanunuzi wake pia. Soda ikiwa ipo ya chupa ya kioo inayorudishwa, chagua hiyo.

11. Nina kibaraza tu na mwamba. Mboji nitaitengenezea wapi?

Ndani ya ndoo kuukuu au kiroba. Toboa matundu chini na pembeni. Weka tabaka la majani makavu au boksi lililochanwa, kisha maganda ya ndizi, viazi na mabaki ya mboga, kisha udongo kidogo, urudie. Iwe na unyevu lakini isichuruzike. Geuza kila wiki. Kwa joto letu, baada ya miezi miwili au mitatu utapata udongo mweusi usionuka.

Usiweke utumbo wa samaki, mafuta wala nyama. Vinaita nzi na panya. Mboji ikinuka imezidi maji, ongeza makavu. Ikiwa tayari, panda chainizi, mchicha au matembele ndani ya kiroba hichohicho. Kwenye nyumba nyingi za mlimani hii ndiyo bustani pekee inayowezekana.

12. Na pampasi na taulo za kike?

Kamwe zisiende chooni wala mtaroni. Huziba bomba, hujaza shimo, na kwenye mtaro huelea mpaka ziwani. Toa kinyesi kwenye choo, kunja, funga kwenye karatasi, weka kwenye taka za kwenda dampo.

Nepi za kitambaa mchana na pampasi usiku tu hupunguza taka na gharama kwa kiasi kikubwa. Taulo za kike za kufua zinafaa ikiwa una maji ya kutosha na mahali pa kuzianika juani. Binti asiye na hivyo viwili asilazimishwe. Afya yake inakuja kwanza.

13. Betri, oili chafu na simu zilizokufa?

Oili chafu ya bodaboda au injini ya boti irudishwe kwa fundi kwenye dumu, isimwagwe chini. Betri za redio na tochi zisitupwe jalalani wala kwa moto; zikusanye kwenye chupa kavu. Betri za sola na za gari zina madini ya risasi na zina wanunuzi. Usimwachie mtoto azichezee.

## Maji na ziwa

14. Tumefua ziwani tangu enzi za bibi. Kuna ubaya gani?

Bibi hakuwa na sabuni ya unga ya leo, wala jiji la watu wengi hivi. Sabuni nyingi, mbolea na majitaka hulisha mwani na magugu maji. Chota maji, fua mbali na ukingo, mwaga kwenye ardhi yenye majani ili udongo uchuje. Sabuni ya mche hutumika kidogo kuliko ya unga.

Kuna sababu nyingine inayokuhusu wewe binafsi: kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji ya kina kifupi yenye majani na huingia kupitia ngozi, dakika chache tu za kusimama majini zinatosha. Anayeingia ziwani mara kwa mara aende kituo cha afya akapimwe.

15. Choo kimejaa, na watu wengi hutapisha mvua ikinyesha. Kuna njia nyingine?

Kutapisha choo ni kumwagia jirani wa chini kipindupindu, na maji hayo yatashuka hadi kwenye ziwa tunalolinywa. Hili ndilo ninaloomba liachwe kabla ya mengine yote kwenye ukurasa huu.

Njia ziko tatu. Kama nyumba yako iko karibu na mtandao wa majitaka, uliza MWAUWASA (mamlaka ya maji na majitaka ya Mwanza) gharama ya kuunganishwa. Kwenye baadhi ya vilima vyenye mawe kumejengwa mabomba membamba yanayopita kati ya nyumba, na yalijengwa kwa ajili ya mahali ambapo mtaro mkubwa hauwezi kuchimbwa. Ya pili ni gari la kunyonya, na kama mpira wake haufiki, nyumba kadhaa zichangie siku moja ili gharama igawanyike. Ya tatu ni kuzuia shimo lisijae haraka: hakuna pampasi, matambara wala maji ya kufulia ndani yake.

Ukiwa mpangaji, usikae kimya. Nendeni kwa mwenye nyumba wapangaji wote pamoja, kwa heshima, kabla ya vuli kuanza Oktoba. Akikataa, bwana afya wa kata yupo kwa kazi hiyo.

16. Maji ya ziwa yamekuwa ya kijani kama rangi iliyomwagika. Nikiyachemsha yanafaa?

Hapana. Kijani hicho mara nyingi ni vijidudu ambavyo baadhi yake hutoa sumu, na kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi sumu yao. Usinywe, usipikie, usimwache mtoto aogelee wala ng'ombe wanywe hapo. Tumia maji ya bomba au ya mvua hadi pasafike.

17. Paa langu dogo linaweza kuvuna maji kiasi gani?

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20 hupokea lita 1,000. Toa yanayoruka na kupotea, utabaki na kama 800. Hizo ni ndoo 40 za lita 20 ambazo hakuna aliyezipandisha mlimani kichwani.

Mvua ya mwanzo iache ioshe bati kwanza. Funika tangi kwa chandarua kuzuia mbu. Ya kunywa yachemshwe.

18. Magugu maji yana maua mazuri. Naweza kuyapanda kwenye bwawa la nyumbani?

Usifanye hivyo. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na yaliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Miaka ya 1990 walianza kuachiliwa mbawakavu wanaoyala, wakasaidia sana, lakini magugu hurudi kila panapokuwa na majitaka na mbolea ya kuyalisha. Mvuvi asafishe kasia, nyavu na boti kabla ya kuhamia mwalo mwingine. Yaliyovuliwa yaanikwe mbali na maji ndipo yaingie kwenye mboji.

## Umeme na usafiri

19. LUKU inaisha haraka. Nibadilishe nini kwanza?

Balbu. Ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku hula uniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9 hula 1.35. Kisha pasi: piga nguo za wiki nzima kwa mara moja. Friji isigusane na ukuta na mpira wa mlango wake ubane.

20. Bodaboda au daladala?

Daladala, kwa sababu mafuta yale yanagawanywa na watu wengi. Kwa umbali mfupi, miguu.

## Maswali yenye utata

21. Kiwanja changu kinagusa ziwa. Naweza kufyeka matete?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuhatarisha mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kabla ya kugusa chochote, nenda kwa afisa mazingira wa halmashauri.

Matete na mafunjo huonekana kama kichaka, nayo ni chujio. Hunasa tope na uchafu wa mvua kabla haujaingia majini, na ndani yake sato huficha watoto wao. Ukiyafyeka ili upate mandhari, mvua kubwa inayofuata itabeba udongo wa kiwanja chako. Acha njia moja nyembamba ya kufikia maji, mengine yabaki.

22. Nipande mti gani?

Mlimani penye mawe: mwarobaini, mlonge, mpera. Penye udongo na nafasi: mwembe. Mkaratusi usiupande karibu na kisima au kijito, hunywa maji mengi. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni 1 Aprili, ila mche utakaoumwagilia wakati wa kiangazi ni bora kuliko kumi ya siku hiyo.

23. Jirani humwaga taka mtaroni. Ni mtu mzima kwangu. Nimwambieje?

Mfuate peke yake, si mbele ya watoto wake. Shikamoo kwanza, habari za nyumbani, kisha zungumzia mtaro kama tatizo lenu: "Mama, maji yalituingilia juzi, nafikiri tuchangie kijana wa kushusha taka." Ukienda na suluhisho mkononi (swali la 9) haionekani kuwa umekwenda kumshtaki. Ikishindikana, mjumbe, kisha mwenyekiti wa mtaa.

24. Tuna harusi ya watu wengi. Sahani za plastiki haziepukiki?

Zinaepukika, ikiamuliwa mapema kwenye kamati. Sahani na vikombe vya kukodi vipo kwa wapishi wengi wa sherehe. Gharama ya kuosha ilinganishwe na bei ya vya kutupa, mara nyingi tofauti ni ndogo. Badala ya katoni za maji ya chupa, wekeni ndoo zenye koki na maji yaliyochemshwa, vikombe pembeni. Kwenye misiba desturi hii bado ipo, na hakuna mgeni anayelalamika.

Mteueni mtu mmoja wa taka kama mnavyoteua wa vinywaji, awe na viroba vitatu: chupa, mabaki ya chakula, na vinginevyo. Mabaki yachukuliwe na mfugaji wa nguruwe au kuku usiku uleule, aagizwe kabla ya siku yenyewe.